Miiba Chini ya Bawa

Juu ya kabati la vitabu katika ofisi yangu, baina ya kamusi na furushi la nakala za tendi nilizopewa kuzisoma na sijazimaliza, pana eropleni ndogo ya plastiki. Urefu wake ni sentimita 27, na bawa lake likipimwa kutoka ncha hata ncha ni sentimita 44. Wageni wangu huitazama kwa adabu, wakanitazama na mimi, kisha wakaniuliza habari za watoto wangu. Kwa kuwa dhana yao ni kwamba mtoto ameisahau hapo. Mimi hujibu kuwa watoto hawajambo. Ni mara chache nimekiri kuwa chombo kile ni changu mwenyewe, kwamba nimekiunda kwa mikono yangu katika muda wa miezi kumi na minne, na kwamba miezi tisa katika hiyo ilikwisha katika kutafuta habari za vijiti vichache ambavyo vyote pamoja havijazi kijiko cha chai.

Eropleni hiyo ni mfano wa Catalina, ndege ya bahari iliyoundwa Marekani na kuruka mara ya kwanza mwaka 1935. Jina hilo ilipewa na Waingereza, na Wamarekani wenyewe wakalifuata baadaye. Ilikuwa chombo cha ajabu kwa macho: mwili wake ni mwili wa mashua, bawa lake moja refu limekaa juu ya nguzo kama paa juu ya mhimili, na injini zake mbili zimepachikwa juu kabisa ili maji ya chumvi yasizifikie. Mwendo wake ulikuwa wa polepole, walakini subira yake ilikuwa kubwa. Iliweza kukaa angani zaidi ya saa ishirini bila kushuka. Katika mwaka 1942 Jeshi la Anga la Uingereza lilileta Catalina za kikosi cha 209 Kipevu, upande wa bara wa Mombasa, na mwaka uliofuata vikosi vya 259 na 265 viliundwa pale pale. Kazi yao ilikuwa kutafuta manowari za chini ya maji, za Wajerumani na za Wajapani, zilizokuwa zikivizia meli katika Bahari ya Hindi na Mlango wa Msumbiji.

Babu yangu, mzaa mama, alikuwa baharia wa mashua huko Kipevu. Ndege zile hazikuwa na gati. Zilifungwa kwenye maboya katikati ya maji, na kila kilichohitajiwa ndani yake, mafuta, chakula, risasi na watu, kilipelekwa kwa mashua. Basi babu alizijua Catalina kama mtu ajuavyo tumbo la punda wake, yaani kwa chini. Alipokuwa akitusimulia habari zake baada ya chakula cha usiku, hakusema sana juu ya injini wala bunduki. Alisema juu ya miiba. Chini ya bawa, upande huu na upande huu, palikuwa na kitu mfano wa mwiba wa changu aliyekwisha kuliwa: uti mmoja umeelekea mbele, na vijiti vyembamba vimeukata. Ilimlazimu aangalie sana mlingoti wa mashua usije ukavigusa, maana aliyevigusa alipoteza ujira wa siku. Walipouliza ni vya nini waliambiwa kuwa ni vya kuwazuia ndege wa pwani wasitue chini ya bawa. Babu alikuwa akicheka kila alipofika hapo. Ndege wa pwani, alikuwa akisema, hana kitu akipendacho kama kijiti cha kutulia. Huyo aliyewaambia hayo ama hakupata kuona ndege, ama aliwaona wao ndio ndege.

Naandika sasa jambo ambalo nimechelewa kuliandika. Mwaka 2002, nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilirudi nyumbani kwa likizo na kitabu cha maktaba juu ya vita vile. Ndani yake mlikuwa na picha ya Catalina ikiruka juu ya bahari, safi, imepigwa kutoka ubavuni hata misumari ya mwili wake yaweza kuhesabiwa. Nilitazama chini ya bawa. Hapakuwa na mwiba. Nilikuwa katika umri ule ambao mtu huamini kuwa kusoma ni kuwasahihisha wengine. Nikampelekea babu kitabu, nikamwonyesha kwa kidole, nikamwambia mbele ya wajomba zangu wawili kuwa yamkini amesahau, na kwamba si ajabu, maana miaka imekuwa mingi.

Babu alikishika kitabu mbali na macho yake, akakitazama sana.

"Haya, bwana," akasema. "Kitabu kimeona. Mimi nilikuwa chini yake tu."

Wajomba walicheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Maneno yale niliyachukua kuwa ni ya kukubali. Babu aliishi miaka saba baada ya hapo, na sikumsikia tena akiitaja miiba.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Uingereza kwa mkutano wa wasomi. Mvua iliponikimbiza katika mji mmoja mdogo niliingia katika duka la vitu vya kuchezea, nami sikuwa na nia ila kukauka. Katika rafu nikaona sanduku lenye picha ya Catalina. Nililinunua kwa ajili ya babu, ingawa alikuwa amekwisha kufa, na sina maelezo mazuri kuliko hayo. Usiku ule katika chumba cha hoteli nilifungua sanduku, nikamwaga vipande kitandani, na katika vipande vile, kimeshikamana na fremu ya plastiki ya kijivu, nikaona mwiba wa changu. Na kando yake mwingine.

Nilikaa na vipande vile mkononi muda mrefu.

Mtu mwepesi wa kutosheka angalisema kuwa mambo yamekwisha: babu alisema kweli, kitabu kilisema uongo, bandika miiba chini ya bawa ulale. Walakini kiwanda cha vitu vya kuchezea ni shahidi wa daraja la chini. Miiba ile ya sandukuni ilikuwa na unene wa milimita 1. Na kwa kuwa mfano huo ni sehemu moja kwa 72 za chombo chenyewe, unene huo ukikuzwa huwa zaidi ya sentimita 7, ambao ni unene wa mchi wa kutwangia. Babu alisema vijiti vyembamba. Tena karatasi ya maelekezo iliandikwa kuwa vipande hivyo vibandikwe au visibandikwe, kama mtu apendavyo. Kama apendavyo! Sijui neno la kumuudhi mwalimu wa maandiko ya kale kuliko hilo. Mwandishi wa Catalina za Kipevu alikuwa na nakala moja tu kichwani, na ndani yake ama palikuwa na miiba ama hapakuwa nayo. Nilitaka kujua.

Nilianza na ndege zenyewe, maana Catalina kadhaa zimesalia duniani katika majumba ya makumbusho na mikononi mwa matajiri. Hazikunisaidia. Baada ya vita aghalabu zilitumiwa kuchukua abiria na mizigo, na nyingine kumwagia maji misitu inayoungua, na kwa kazi hizo miiba haina faida, ikang'olewa. Zilizopakwa upya rangi za vita zimepakwa na watu wa leo, na mara nyingi nimeona chombo kimevikwa alama za mwaka 1943 juu ya mwili wa miaka ya baadaye, kama mzee aliyevaa kanzu ya arusi ya mwanawe.

Nikageukia picha. Hapo mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu picha zilipingana. Nyingine zilikuwa na miiba, nyingine hazikuwa nayo, na kulikuwa na nyingine ambazo chini ya bawa palionekana kiwingu cheupe kisichokuwa wingu wala bawa. Nilizipanga kwa miaka nikidhani kuwa miiba ilianza siku fulani, hazikupangika. Nilizipanga kwa vikosi, hazikupangika. Kwa miezi miwili nilikuwa nimeelekea kuamini kuwa babu aliziona ndege chache tu zilizofungwa vitu hivyo kwa majaribio. Kisha nikapata nakala mbili za picha moja. Ilikuwa saa ile ile, wingu lile lile, na wimbi lile lile likipasuka chini ya chombo. Lakini katika nakala moja, iliyochapishwa kwa wasomaji wakati wa vita, chini ya bawa palikuwa peupe, na katika ya pili, iliyotolewa kwenye hifadhi baada ya vita, palikuwa na mwiba.

Rada ya ndege ilikuwa siri kubwa. Picha zilipita kwanza kwa wakaguzi, na mkaguzi mwenye brashi ya rangi au kisu kikali alifuta kila kilichofichua siri hiyo. Kiwingu kile cheupe kilikuwa alama ya mkono wake. Wengine katika kazi hiyo walikuwa mafundi hodari. Walifuta antena, kisha wakachora upya ukingo wa bawa lililokuwa nyuma yake, hata jicho lisidhani kuwa pana kilichoondolewa. Basi picha niliyompelekea babu mwaka 2002, ambayo misumari yake yaweza kuhesabiwa, ilikuwa imekwisha pita mikononi mwa mtu aliyelipwa ili babu asiaminiwe. Hakumkusudia babu, bila shaka. Alimkusudia adui. Lakini adui alikuwa amekwisha shindwa na kusahauliwa zamani, na uongo ule ulikuwa bado ukifanya kazi yake barazani kwetu, na mimi ndiye niliyeuchukua hata mlangoni.

Hapana budi niseme kuwa kosa langu halikuwa la ujinga wa ndege peke yake. Kazi yangu ni kusoma tendi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na kila mwanafunzi wangu amenisikia nikisema kuwa nakala haisomwi mpaka ajulikane aliyeinakili. Hati zile za zamani zilikuwa na herufi chache kuliko sauti za Kiswahili. Herufi moja ilibeba be, pe na mbe. Ya de ilibeba pia nde. Na ya fe ikasimama mahali pa ve. Nukta ikiliwa na mchwa, neno jingine linazaliwa, na linaweza kuwa na maana njema kuliko la kwanza. Nimewakemea vijana kwa kuamini maandishi mazuri ya mwandiko kuliko mashairi yaliyomo. Nami niliamini picha kwa sababu ilikuwa nzuri.

Lilikuwa limebaki swali la vipimo. Nilijua sasa kuwa miiba ilikuwako, lakini picha za mbali hazinipi urefu wa kijiti. Hapo nilisaidiwa na jambo ambalo mtu yeyote aliyehariri utenzi atalitambua. Tunapokuta mshororo wenye mizani saba katika utenzi, twajua kuwa mwenye kunakili ameangusha silabi, maana sheria ni nane. Na kutokana na sheria twaweza mara nyingi kulirudisha lililoanguka. Antena nayo ina mizani yake. Rada iliyofungwa katika ndege zile, iliyoitwa ASV namna ya pili, ilitoa mawimbi yenye mitetemo milioni 176 kwa sekunde. Wimbi la namna hiyo lina urefu wa mita 1.7, na kijiti cha kulipokea hakina budi kuwa karibu nusu yake, yaani sentimita 85. Hapana fundi wala serikali iwezayo kukifanya kiwe vingine kikafanya kazi vizuri. Nikagawanya kwa 72, nikapata milimita 12 kasoro kidogo. Nilipochukua picha moja ya karibu na kupima kijiti kwa kukilinganisha na kipenyo cha rafadha, nilipata karibu kipimo hicho hicho. Nakiri kuwa nilisimama nikazunguka meza.

Katika mwiba wa namna hii kijiti cha nyuma ni kirefu kidogo kuliko kile kinachopokea, na vya mbele ni vifupi kidogo. Cha nyuma hurudisha wimbi kama ukuta, na vya mbele huliongoza. Tofauti hiyo katika mfano wangu haifiki milimita 1. Niliikata hivyo hivyo. Hapana mgeni aliyeiona, wala sidhani yupo atakayeiona.

Jambo jingine ambalo karatasi ya sandukuni ililikosa ni mwelekeo. Ilichora miiba miwili imekwenda sambamba, sawa na pua ya ndege. Walakini antena hizo za kupokea mwangwi zilitupwa kidogo nje, ya kulia kuume na ya kushoto kushoto, na maana yake ni hii: mwendeshaji wa rada alitazama kioo chenye mstari wa nuru uliosimama, na mwangwi wa meli au manowari iliyojitokeza juu ya maji ulichomoza kama jino pande zote mbili za mstari huo. Jino la kulia likiwa refu, kitu kiko kulia. Rubani akageuza chombo mpaka meno mawili yakawa sawa, kisha akaenda moja kwa moja hata gizani. Ukiifunga miiba sambamba, masikio mawili husikia sauti moja, na ndege haijui kulia wala kushoto. Ningalifuata karatasi, ningaliunda ndege kiziwi.

Kuna habari juu ya jina la miiba hii ambayo haihusiani na gundi, lakini msomaji wa jarida la lugha atanivumilia. Waingereza waliiita Yagi. Mwaka 1942 Singapore ilipoanguka, Wajapani waliteka daftari la mtumishi mmoja wa rada wa Kiingereza, na ndani yake neno hilo lilirudiwa mara nyingi. Wafasiri wao walishindwa nalo. Hawakujua hata litamkwe vipi. Mwishowe walimwuliza mfungwa, naye akastaajabu, akawaambia kuwa ni jina la Mjapani aliyeibuni. Hidetsugu Yagi alikuwa mwalimu wa chuo kikuu huko Sendai, na yeye pamoja na Shintaro Uda, ambaye kazi kubwa ilikuwa yake na jina likampita, walikuwa wameitangaza antena hiyo tangu mwaka 1926. Nyumbani kwao haikutiliwa maanani. Nimekutana na maneno mengi yaliyosafiri na kurudi kwao yamevaa nguo za kigeni, lakini sijui jingine lililorudi na mwenye nyumba akalifungia mlango kwa namna hiyo.

Nisifanye kana kwamba haya yote yalikuwa mchezo. Tarehe 20 Agosti 1943 Catalina mbili, moja ya kikosi cha 259 na moja ya kikosi cha 265, ziliizamisha manowari ya Kijerumani U-197 kusini ya Madagaska, na watu wote 67 waliokuwamo walikufa. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa karibu na Maldivi na manowari ya Kijapani I-27, ikazama kwa muda wa dakika chache. Walikufa watu karibu 1,300, na katika hao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi wanawake. Nilikuwa nikikata vijiti vya milimita 12 kwa wembe usiku, nikawa nawaza kuwa vitu hivi vilikuwa masikio. Yaliposikia watu walikufa, na mahali yasipokuwapo watu walikufa. Usiku kadhaa niliuweka wembe chini nikaenda kulala.

Sasa nifike kwenye kosa la babu. Maana alikuwa nalo. Katika masimulizi yake miiba haikuwa chini ya bawa tu. Alisema kuwa mgongoni pia palikuwa na milingoti imesimama safu, na ubavuni vijiti vingi, "kama nungunungu aliyeghadhibika". Kwa muda mrefu nilitafuta Catalina ya Kipevu yenye mgongo wa nungunungu, wala sikuipata. Niliyoipata ni ndege nyingine: Sunderland, ndege ya bahari ya Kiingereza, kubwa kuliko Catalina, yenye injini nne. Hiyo, katika namna zake zenye rada ile ile, ilikuwa na milingoti minne mgongoni na safu za vijiti ubavuni kwa ajili ya kusikiliza mbali kulia na kushoto. Babu alichanganya ndege mbili, kama mwenye kunakili mwenye nakala mbili mezani, akaanza ubeti katika hii na kuumaliza katika ile.

Lakini mwenye kunakili huchanganya nakala zilizo mezani mwake, si zile asizopata kuziona. Sunderland za kikosi cha 230 zilikaa Dar es Salaam kutoka mwaka 1943 hata mwanzo wa mwaka 1944. Na kikosi cha 259, chenye Catalina, kilihamishwa kutoka Kipevu kikapelekwa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1943.

Nyumbani kwetu sentensi hiyo ina uzito ambao wanahistoria hawaujui. Babu alimwoa bibi mwaka 1942, na kutoka mwishoni mwa mwaka 1943 alitoweka kwa miezi mingi bila barua. Aliporudi alisema kuwa alichukuliwa na jeshi Dar es Salaam pamoja na mashua na maboya. Bibi hakuamini hata kidogo. Yeye aliamini kuwa babu alikuwa Tanga, kwa mke mwingine, na aliamini hivyo kwa miaka hamsini na tisa, mpaka alipokufa, bila ya kugombana. Alikuwa akiitaja Tanga tu pale chai ilipokuwa na sukari haba. Watoto wao wote walikulia katika imani hiyo. Hata mimi nilipokuwa mdogo nilidhani Tanga ni jina la mwanamke.

Basi hapa palikuwa na kosa moja katika kumbukumbu ya mzee, nalo lilikuwa limebeba kile ambacho ukweli wake haukuweza kukibeba. Naijua kanuni ya kazi yangu, na sitaivunja kwa ajili ya ndugu: huu si ushahidi kamili. Sunderland ziliweza kushuka Kipevu pia, na baharia wa mashua aweza kuyaona yote bila ya kutoka Mombasa. Lakini alizitaja kwa wingi na kwa mazoea. Alisema milingoti ile ilimkwaruza kofia, na mtu hakwaruzwi kofia na kitu kilichopita siku moja. Nikipima kama nipimavyo nakala, natia uzito upande wa Dar es Salaam.

Nilimpigia simu mama yangu, nikamweleza mambo yote, kutoka mawimbi ya mita 1.7 hata Septemba 1943. Alinisikiliza bila ya kunikatiza, jambo ambalo si desturi yake.

"Kwa hivyo baba alikuwa Dar es Salaam kweli," akasema.

"Yaelekea hivyo, mama."

"Na huko Dar es Salaam," akasema, "hizo antena zenu zasema alikuwa peke yake?"

Nikamjibu kuwa rada ile ilikuwa ya kutazama baharini.

Miiba ya sandukuni niliitupa. Nilichukua fremu tupu ya plastiki, nikaipasha moto juu ya mshumaa hata ikalainika, nikaivuta taratibu kwa mikono miwili. Plastiki ikivutwa hivyo hurefuka na kuwa uzi, na kwa kadiri uvutavyo kwa haraka ndivyo uwavyo mwembamba. Katika nyuzi thelathini nilipata tano za kufaa. Nilizikata, nikazipanga juu ya karatasi niliyochora vipimo, nikazigusisha gundi kwa ncha ya sindano, nikizuia pumzi. Waya za redio zilinishinda kwa muda, maana waya wa unene wa milimita 2 ukigawanywa kwa 72 haufiki unene wa unywele. Mwishowe nilitumia uzi uliovutwa mpaka karibu usionekane, na bado ni mnene kuliko haki yake. Rangi niliipaka nyembamba. Mgongo niliuacha mtupu. Ile ni Catalina, na Catalina za Kipevu nilizoziona hazikuwa na milingoti mgongoni. Babu angalininung'unikia, lakini nadhani angalielewa.

Niliiweka juu ya kabati kwa sababu kabati ni refu. Aliyeketi kwenye kiti changu huiona kwa chini.

Mwezi uliopita nilirudi kutoka darasani nikamkuta mzee anayefagia ofisi zetu amesimama mlangoni, ameshika karatasi iliyokunjwa kwa uangalifu kama ya dawa. Alinyoosha mkono wake.

"Shikamoo, mwalimu, ingawa nimekuzidi umri," akasema kwa utani wake wa kila siku. "Nilikuwa nikipangusa vumbi huko juu. Nimeokota mwiba wa samaki chini ya meza yako, nikaogopa kuutupa."

Nikaifungua karatasi. Vijiti vyote vilikuwa vizima. Nikamkaribisha kitini, nikatafuta gundi.